Chokoleti nyeusi imenishushia presha, naweza kuacha vidonge?

"Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 49, nauza dagaa na kayabo Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana niligundulika nina presha, nikaanzishiwa amlodipini ya miligramu 10, kidonge kimoja kila siku. Tangu nianze, ikifika jioni miguu inavimba mpaka viatu havinitoshi. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alinitumia video inayosema chokoleti nyeusi inafungua mishipa na inashusha presha kuliko dawa. Nikanunua supamaketi, ya gramu 100, shilingi 9,000, imeandikwa kakao asilimia 55. Nikaacha vidonge, nikawa nakula nusu yake kila usiku. Siku ya tatu nilipima kwenye duka la dawa, nikakuta 132 kwa 84, na miguu imeanza kupungua. Naweza kuendelea hivi bila vidonge? Pia binti yangu wa miaka 15 alipimwa zahanati akaambiwa damu ni 9.6. Nasikia chokoleti nyeusi inaongeza damu kwa sababu ina madini ya chuma. Nimpe kiasi gani? Na mama mkwe wangu ana kisukari, naye anaomba ale."

Dada yangu, kabla ya yote nakuomba ukapime presha leo hii, kabla hujafunga meza yako pale Mwaloni. Kipimo ulichonitajia ni cha siku ya tatu baada ya kuacha vidonge, na sasa zimepita wiki mbili. Siku hizo za katikati ndizo zinazonitia wasiwasi, maana presha haina kawaida ya kupiga hodi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Si wazembe. Haiumi, basi.

Nikueleze kwa nini ile 132 kwa 84 haikuwa kazi ya chokoleti. Amlodipini ni dawa inayokaa sana mwilini. Kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 30 hadi 50, na wewe ulikuwa umeimeza kila siku kwa miezi, kwa hiyo mwili ulikuwa na akiba. Siku ya tatu bado ulikuwa na kati ya moja ya tano na theluthi moja ya dawa ileile inazunguka kwenye mishipa yako. Ni kama jiko la mkaa: umeacha kuongeza mkaa, lakini chungu bado kinatokota. Ungepima siku ya tatu bila kula hata punje ya chokoleti, huenda ungepata namba zilezile. Wiki mbili baadaye jiko limezimika kabisa.

Ukikuta namba imepanda, na hujisikii vibaya, rudia kidonge chako kimoja kama ulivyoandikiwa. Usimeze viwili kufidia siku ulizoruka. Kisha nenda kliniki wiki hiihii. Dalili za kukimbilia hospitali nitazitaja mbele.

Sikulaumu hata kidogo kwa kuacha. Miaka yote niliyokaa kwenye kliniki ya presha hapa Mwanza nimewaona akina mama wengi walioacha dawa kimyakimya, na wengi wao walikuwa na sababu ya maana ambayo hakuna aliyewauliza. Yako ni miguu. Amlodipini inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha moyoni hailegei kwa kiasi hicho. Damu inaingia kwa wingi kuliko inavyotoka, maji yanavuja kwenye nyama na kuteremka kwenye vifundo vya miguu. Kwa mtu anayesimama kutwa nzima anachambua dagaa, hali inakuwa mbaya zaidi. Na dozi ya 10 inavimbisha kuliko ya 5. Hilo ni tatizo linalojulikana na lina ufumbuzi: daktari anaweza kupunguza dozi, au kuongeza dawa nyingine kama losatani, ambayo mara nyingi hupunguza uvimbe wenyewe huku ikishusha presha, au kukubadilishia kabisa. Vidonge vya kukojoza maji, ambavyo watu hununua wenyewe, havisaidii sana uvimbe wa aina hii. Kwa hiyo uliposema "miguu imeanza kupungua" ulikuwa unaona dawa ikiisha mwilini. Nalo pia ukalihesabia chokoleti.

Tuje sasa kwenye chokoleti yenyewe, kwa sababu ile video haikutunga kila kitu. Mbegu ya kakao ina viambato vinavyoitwa flavanoli. Kimoja chao, epikatekini, kimechunguzwa sana. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba, laini, na utando huo hutengeneza gesi inayoitwa oksidi ya nitriki. Gesi hiyo ikitoka, misuli iliyouzunguka mshipa inalegea, mshipa unatanuka kidogo na damu inapita kwa wepesi. Flavanoli zinausaidia utando huo kutoa gesi nyingi zaidi. Hapo ndipo neno "kufungua mishipa" lilipotoka, na ndipo watu wanapopotea. Wanafikiri ni kama kuzibua bomba lililoziba. Chokoleti haing'oi mafuta yaliyoganda kwenye mshipa. Inaulegeza kwa saa kadhaa, halafu mshipa unarudi ulivyokuwa.

Inaulegeza kwa kiasi gani? Mwaka 2017 mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 35 yenye watu zaidi ya 1,800. Waliopewa kakao yenye flavanoli nyingi walishuka kwa wastani wa chini kidogo ya alama 2, ile namba ya juu na ile ya chini. Kwa waliokuwa tayari na presha, namba ya juu ilishuka karibu alama 4. Majaribio mengi yalikuwa mafupi, kati ya wiki 2 na 18, na wastani wa flavanoli walizokula ulikuwa miligramu 670 kwa siku, kiasi ambacho hukipati kwa kula mraba mmoja. Amlodipini yako peke yake inaweza kushusha namba ya juu kwa 10 na zaidi. Ukiongea wakati mkanda umefungwa mkononi, namba inaweza kuruka juu kuliko hizo alama 2. Ukipima na mkojo umekubana, vivyo hivyo.

Kuna utafiti mwingine mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, ukiitwa COSMOS. Watu 21,442 waligawanywa, wengine wakapewa miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu, wakafuatiliwa kwa miaka kama mitatu na nusu. Matukio ya moyo na kiharusi kwa jumla hayakupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Vifo vya moyo na mishipa peke yake vilipungua kwa asilimia 27, na hilo linatia moyo, ingawa halikuwa swali kuu la utafiti na sehemu ya msaada ilitoka kwa kampuni ya Mars, inayouza chokoleti. Lakini zingatia jambo hili, dada: walimeza vidonge vya dondoo la kakao. Hakuna aliyekula chokoleti. Na hakuna aliyeambiwa aache dawa zake.

Sasa lishike lile ganda la chokoleti yako, uligeuze nyuma. Kakao asilimia 55 maana yake ni kwamba kati ya gramu 100, gramu 55 zimetoka kwenye mbegu ya kakao, na humo imo siagi ya kakao, ambayo ni mafuta yasiyo na flavanoli za maana. Zile 45 zilizobaki karibu zote ni sukari. Hizo ni vijiko vya chai kumi na kimoja. Ukila nusu kila usiku umekula vijiko vitano na nusu vya sukari pamoja na mafuta, jumla kama kalori 270. Ukiviongeza juu ya chakula chako cha kawaida kwa mwezi mzima, unaelekea kuongeza karibu kilo moja ya uzito, na uzito unapandisha presha. Soma na orodha ya viungo. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Kama wa kwanza ni sukari, basi umenunua sukari iliyotiwa kakao. Na kwa bei uliyoitaja, nusu kila usiku ni shilingi 135,000 kwa mwezi.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi. Weusi si kipimo cha ubora. Mbegu ya kakao huchachushwa, hukaushwa, hukaangwa, na kila hatua inapunguza flavanoli. Viwanda vingi vinaongeza hatua nyingine: vinaitia kakao alkali, kitu cha jamii ya magadi, ili uchungu upungue na rangi ikolee. Ni mbinu ya Mholanzi van Houten, ya tangu karne ya 19. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2008 vilionyesha unga wa kakao wa asili una wastani wa karibu miligramu 35 za flavanoli kwa kila gramu, na ule uliotiwa alkali nyingi umebakiwa na karibu 4. Kwa maneno mengine, ule mweusi tii, laini, usio na ukakasi, ndio mara nyingi umepotezewa kile unachokitafuta. Kakao ya asili ina rangi ya kahawia hafifu, na ina uchachu ulimini. Kwenye paketi angalia kama wametaja alkali, au namba yake ya kiungo kama E501.

Ndiyo maana mamlaka za chakula zimekuwa na tahadhari. Ulaya mwaka 2012 ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa kubaki na unyumbufu wake. Marekani mwaka 2023 iliruhusu maneno kwamba huenda inapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa, kwa unga wa kakao wenye flavanoli nyingi tu, tena yakiambatana na onyo kuwa ushahidi ni mdogo sana. Chokoleti ya kawaida ya dukani iliachwa nje.

Nifanye nini basi, utaniuliza. Kama umeipenda ladha yake, sikukatazi. Tafuta ya asilimia 70 au zaidi, kula mraba mmoja au miwili, yaani gramu 10 hadi 20, mchana baada ya chakula. Usiku iache, kwa sababu ina kafeini na theobromini, vitu vinavyochangamsha mwili, na mwenye presha anahitaji usingizi wake. Usiifanye ya kila siku kwa miaka, wala usiwape watoto wadogo na wajawazito kwa wingi: jarida la Consumer Reports lilipima chokoleti nyeusi 28 mwaka 2022, likakuta madini yenye sumu, risasi na kadimi, katika zote, nyingine kidogo, nyingine kwa kiasi cha kutia shaka.

Ila kama unatafuta faida ya kakao kwa bei nafuu, nunua unga wa kakao usio na sukari. Kakao nyingi ya Tanzania inatoka Kyela kule Mbeya, na ukipata unga wa asili ambao haujatiwa alkali, huo ndio. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe, mwagia maji baridi kidogo kwanza, koroga mpaka uwe uji mzito usio na madonge, ndipo uongeze maji ya moto au maziwa. Ukianza na maji ya moto unaelea juu na kugandamana, halafu unasema kakao mbaya. Uchungu wake utauzoea baada ya wiki. Ukitia vijiko vitatu vya sukari umerudi palepale.

Ningekuomba nguvu uliyoiweka kwenye chokoleti uihamishie kwenye chumvi. Wewe unauza kayabo, na najua kinachobaki mezani jioni kinaenda jikoni kwako. Kayabo ni sangara aliyelazwa kwenye chumvi siku nyingi ndipo akaanikwa. Kipande kimoja kinaweza kukumalizia chumvi ya siku nzima, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na ile ya kwenye mkate na viungo vya mchemraba. Ukilazimika kula, mloweke usiku kucha, mwaga maji, badilisha mara mbili au tatu, na mchuzi usiutie chumvi kabisa. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana tatizo hilo, ila usiwakaange kwa chumvi ya mkono. Mwenye presha akipunguza chumvi kwa dhati, namba ya juu hushuka kwa karibu alama 5. Kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki, kunaleta kiasi kinachokaribia hicho. Viazi vitamu, maharage, mchicha, ndizi na machungwa ya Ukerewe vina potasiamu inayosaidia mwili kuitoa chumvi (mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza). Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga ambazo hazikutiwa chumvi ni kifungua kinywa ambacho sikioni mpinzani wake kwenye rafu za supamaketi.

Kuhusu binti yako, hapa naomba tusipoteze wakati. Damu 9.6 kwa msichana wa miaka 15 ni upungufu wa kiwango cha kati. Kawaida ni 12 na kuendelea. Kweli chokoleti nyeusi ina chuma, hata miligramu 10 na zaidi kwa gramu 100. Lakini ni chuma cha mimea, na viambato vilevile vya kakao tunavyovisifia kwa mishipa hukishika tumboni kisifyonzwe vizuri, kama yanavyofanya majani ya chai. Ukimpa kakao au chai pamoja na chakula unamnyima chuma ambacho angekipata kwenye maharage. Mpe dagaa wazima, maini mara moja kwa wiki ukiweza, maharage na mboga za majani zenye limao au chungwa pembeni, na chai isogezwe saa moja au mbili baada ya kula.

Chakula peke yake hakitatosha kwa 9.6. Atahitaji vidonge vya chuma na foliki kwa miezi kadhaa, na zaidi ya hapo, mtu ajue damu inakwenda wapi. Sisi tunaishi kando ya ziwa. Ukanda huu una kichocho cha matumbo kwa wingi, na mtoto anayechota maji, kufua au kuogelea ziwani anaweza kuwa nacho bila kuona kitu. Apimwe choo kwa kichocho na minyoo ya safura, apimwe malaria, na aulizwe kwa faragha, na mhudumu wa kike ikiwezekana, hedhi yake inatoka siku ngapi na kwa wingi gani. Wasichana wengi hawamwambii hata mama. Kama anachoka sana, anapumua kwa shida akipanda kilima, moyo unamwenda mbio au anazirai, asisubiri miadi.

Mama mkwe anaweza kuonja mraba mmoja wa asilimia 70 au zaidi baada ya chakula; una gramu kama 3 za sukari. Hiyo yako ya asilimia 55 asiizoee, na asiitumie akitegemea kwamba itamshushia sukari.

Nirudi kwako. Ukipima, kaa kwanza dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa wala kula chokoleti nusu saa kabla. Pima mara mbili, andika zote. Kama kuna jirani mwenye mashine, fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba. Hizo namba zina thamani kuliko kipimo kimoja cha haraka kwenye duka la dawa, umetoka kupanda mlima na jua la saa saba.

Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi, pumzika dakika tano urudie. Ikibaki hapo, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama huumwi. Na kama kuna maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kichwa kinachouma kupita kawaida, macho kuona giza, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au maneno kutoka vibaya, usipime tena wala usipumzike. Panda chochote kilicho karibu, nenda Sekou Toure, Bugando au hospitali iliyo jirani, hata iwe usiku wa manane. Vilevile mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au uvimbe ukaja pamoja na kukosa pumzi ukilala chali, hiyo si amlodipini, na inahitaji kuonwa haraka.

Siku ya kliniki beba vidonge vilivyobaki, daftari la namba, na lile ganda la chokoleti. Mwambie daktari tarehe uliyoacha dawa na umwambie ni kwa sababu ya miguu, umwonyeshe na alama ya kiatu kifundoni kama bado ipo. Akiandika tena ileile ya 10 bila kugusia uvimbe, muulize kwa upole: hakuna nyingine, au dozi ndogo zaidi? Una haki ya kupata jibu. Na ile namba utakayoipata leo jioni, naomba uniandikie.